Kukopa harusi, kulipa matanga: miezi sita ya Kaisari Alexios IV

Usiku wa kuamkia tarehe 28 Januari 1204, kijana wa miaka kama ishirini na mmoja aliamshwa usingizini katika jumba la Blachernae, mjini Konstantinopoli, Istanbul ya leo. Aliyemwamsha alikuwa ofisa wake mwenyewe. Alimwambia umati umekuja kumuua, akamfunika joho, akampitisha mlango wa pembeni. Kijana alimfuata kama mtu anayeokolewa. Muda mfupi baadaye alikuwa na minyororo miguuni.

Kijana huyo ni Alexios IV Angelos, Kaisari wa Bizanti, yaani dola la Kirumi la mashariki, kwa miezi sita. Vitabu vingi humpitia haraka, kama daraja la kuvukia kufika Aprili 1204, mji wake ulipotekwa na kuporwa na Wakristo wenzake kutoka magharibi. Mimi nimekaa naye kwa muda mrefu zaidi, kwa sababu namwona hasa kama mdaiwa. Kisa chake kinafundisha jinsi deni linavyoweza kumpa mtu kiti, likamfunga kwenye kiti hicho, kisha likamuua akiwa amekikalia.

Kwa desturi ya uchambuzi wa visa, majina hufichwa. Hapa nimeyaacha majina ya watawala na makamanda, maana habari zao ziko wazi kwa miaka 800 sasa. Watu wa kawaida walioungua majumbani mwao na kunyang'anywa riziki hawana majina hata katika kumbukumbu zenyewe, na hilo halitokani na hisani ya mtu yeyote.

Usuli: nyumba ya Angelos

Baba yake, Isaac II, alipanda kitini mwaka 1185 baada ya umati wa mji kumwangusha na kumuua Kaisari Andronikos I. Alitawala miaka kumi. Mwaka 1195, akiwa nje ya mji mkuu, kaka yake wa tumbo moja alimpindua, akampofusha macho, akamtia kifungoni. Kumpofusha hakukuwa hasira tupu. Kwa mila ya Bizanti mtu asiye na macho hafai tena kuwa kaisari, kwa hiyo chuma cha moto kilifanya kazi ya hati ya kumvua madaraka. Kaka huyo akajiita Alexios III. Aliyemtoa macho baba wa kijana wetu, basi, alikuwa baba yake mkubwa.

Alexios III alirithi dola lililochoka, akalichosha zaidi. Bulgaria ilikuwa imeasi na kujitenga, kisiwa cha Kupro kimekwenda. Mwaka 1197 mfalme wa Ujerumani, Heinrich VI, alipotishia vita na kudai dhahabu, Alexios III alijaribu kutoza kodi maalumu watu wakagoma, ikabidi makaburi ya makaisari wa kale katika Kanisa la Mitume Watakatifu yafunguliwe na mapambo ya maiti yachukuliwe. Heinrich alifariki Septemba ya mwaka huo, kabla mali haijamfikia. Msomaji aliweke jambo hili akilini: miaka sita kabla ya kisa chetu, hazina ya Konstantinopoli ilikuwa tayari inafukua wafu.

Jeshi la majini nalo lilikuwa jina tu. Mkuu wake, ndugu wa ndoa wa kaisari, alikuwa ameuza misumari, nanga na matanga ya merikebu. Kufikia 1203 zilibaki kama merikebu ishirini, zimeoza na kuliwa na wadudu. Huu ni mji uliozungukwa na bahari pande mbili.

Mwaka 1201 kijana Alexios alitoroka kwa meli ya wafanyabiashara wa Pisa, akaenda Ujerumani kwa dada yake Irene, aliyeolewa na Philip wa Swabia. Hakuwa na jeshi wala fedha. Alichokuwa nacho ni kilio cha haki: baba yangu amepofushwa, kiti chetu kimeibwa.

Wadaiwa wa upande wa pili

Wakati huohuo kulikuwa na kundi jingine lenye deni. Aprili 1201 wajumbe wa Vita vya Nne vya Msalaba, msafara wa Wakristo wa magharibi wa kwenda kuikomboa Yerusalemu, walisaini mkataba na Venezia. Venezia ingejenga na kuandaa merikebu za kubeba watu 33,500 na farasi 4,500 kwa marki 85,000 za fedha. Marki moja ilikuwa karibu robo kilo ya fedha. Venezia ilielekeza nguvu zake zote kwenye kazi hiyo na kusimamisha biashara zake nyingine.

Mwaka uliofuata walifika kama theluthi moja tu ya watu waliotarajiwa. Waliofika walikamua mifuko yao, makabaila wakatoa hata vyombo vyao vya mezani, na bado zilipungua marki 34,000. Mtawala wa Venezia, mzee kipofu Enrico Dandolo, hakuweza kusamehe deni ambalo mji wake wote ulikuwa umewekeza humo. Akakubali liahirishwe kwa sharti kwamba jeshi limsaidie kuuteka mji wa Zara, kwenye pwani ya Adria. Zara ulikuwa mji wa Wakatoliki, na Papa Inosenti III alikuwa amekataza. Ukatekwa Novemba 1202.

Mapema 1203, jeshi likiwa limepiga kambi Zara kwa majira ya baridi, wajumbe wa Philip walifika na ahadi za shemeji yake. Mkinirudishia kiti cha baba yangu, alisema, nitawalipa marki 200,000. Nitalisha jeshi lenu. Nitakwenda nanyi Misri, au nitapeleka watu 10,000 kwa mwaka mzima. Nitagharamia wapanda farasi 500 katika Nchi Takatifu maisha yangu yote. Na nitaliweka Kanisa la Ugiriki chini ya Roma.

Tupige hesabu kidogo. Marki 200,000 ni zaidi ya tani 45 za fedha. Ni zaidi ya mara mbili ya bei ya msafara wote wa merikebu, ile iliyowashinda mabwana wa nusu ya Ulaya. Na aliyeahidi alikuwa mgeni anayelala kwa shemeji.

Wengi jeshini walikataa, wakasema hawakutoka makwao kupigana na Wakristo, na baadhi wakaondoka. Viongozi wachache walikula kiapo. Hoja iliyowashawishi ilikuwa kwamba hakutakuwa na vita: watu wa Konstantinopoli wanamchukia mnyang'anyi, wakimwona mrithi halali watamfungulia milango.

Mwendo wa mambo: Juni hadi Agosti 1203

Hoja hiyo ilipimwa siku chache baada ya merikebu kufika, mwishoni mwa Juni. Dandolo na kiongozi wa jeshi, Boniface wa Montferrat, walimpandisha kijana kwenye merikebu, wakapita naye taratibu chini ya kuta za mji. Wapiga mbiu wakatangaza: huyu ndiye bwana wenu wa haki. Watu walikuwa wamejaa kutani. Hakuna aliyepiga kelele za shangwe. Walioko juu hawakumtambua, na waliomtambua waliona amezungukwa na Wafaranki, yaani wapiganaji wa magharibi, na Wavenezia.

Kwa macho yangu, pale ndipo ahadi ilipokufa. Msingi wake ulikuwa kwamba mji unamtaka, na mji ulikuwa umejibu kwa kunyamaza. Lakini jeshi lilikuwa na deni, chakula kilikuwa kinaisha, na hakuna aliyetaka kurudi nyuma. Tarehe 5 Julai walitua upande wa Galata, ng'ambo ya bandari, siku iliyofuata wakateka mnara uliofungia mnyororo wa bandari, merikebu zikaingia Pembe ya Dhahabu, bandari ya mji. Tarehe 17 Julai Wavenezia walisogeza merikebu hadi kwenye kuta na kuteka minara ipatayo 25, mzee Dandolo akiwa amesimama mbele na bendera ya Mtakatifu Marko. Walipoona wanazidiwa walichoma moto majumba yaliyo nyuma ya kuta. Alexios III alitoka na jeshi kubwa, akalitazama jeshi dogo la Wafaranki, akarudi ndani bila kupigana. Usiku huo alikimbia na binti yake mmoja, ratili 1,000 za dhahabu, na vito.

Asubuhi maofisa wa jumba walifanya jambo la haraka na la akili: walimtoa kipofu Isaac gerezani, wakamvika mavazi ya kifalme, wakatuma ujumbe kambini kwamba mfalme halali amerudi na vita vimekwisha. Jeshi likatuma wajumbe wanne kudai athibitishe mkataba. Isaac aliusikia kwa mara ya kwanza. Geoffrey wa Villehardouin, mmoja wa wale wajumbe, ameandika jibu lake: masharti haya ni mazito mno, sioni yatakavyotimizwa, ila mmetutendea makubwa kiasi kwamba hata dola lote mngepewa mngestahili. Akatia muhuri wa dhahabu.

Tarehe 1 Agosti Alexios akatawazwa ndani ya Hagia Sophia, kaisari mwenza wa baba yake.

Uamuzi wa Agosti

Wasimulizi wengi hukimbilia Januari, kwenye fitina za jumbani. Mimi naona kisa chote kiliamuliwa mwezi wa Agosti, katika majuma machache ambayo kijana alikuwa na mamlaka, amani na nia njema ya wadai wake, vyote kwa pamoja. Hakuwahi kuvipata tena.

Alianza kulipa. Kwa hesabu aliyoiacha Robert de Clari, askari aliyekuwepo, zilitoka marki 100,000, nusu kamili ya deni. Katika hizo, 50,000 zilikuwa fungu la Venezia, na katika nusu ya pili wapiganaji walilazimika kutoa 34,000 kumalizia nauli yao ya zamani. Kwa maneno mengine marki 84,000 kati ya 100,000 ziliishia kwenye merikebu za Dandolo. Askari wa kawaida, aliyepigana Julai na ambaye ndiye angepigana tena, alibaki na kidogo sana. Alexios alitoa nusu ya deni, na jeshi likaona halijalipwa.

Fedha hizo zilitoka wapi? Hazina ilikuwa tupu, kidogo kilichobaki kimekwenda na baba mkubwa. Alitoza jamaa na marafiki wa utawala uliopita. Hazikutosha. Ndipo walipoingia makanisani. Taa za fedha zilishushwa, vyombo vya ibada vikachukuliwa, mapambo ya dhahabu yakabanduliwa kwenye ikoni, picha takatifu za waumini, ikoni zenyewe zikatupwa chini, na vyote vikayeyushwa kuwa sarafu za Walatini, kama walivyoitwa watu wa magharibi wa Kanisa la Roma. Niketas Choniates, ofisa wa juu wa serikali ile, aliandika habari hizo kwa uchungu ambao bado unasikika. Kwa muumini wa Konstantinopoli, kaisari ndiye mlinzi wa vitu hivyo. Kila awamu ya malipo iliyomtuliza mdai nje ya kuta ilikuwa inamchoma raia ndani ya kuta.

Kisha ukafika uamuzi mkubwa. Mkataba wa jeshi na merikebu za Venezia ulikuwa unaisha tarehe 29 Septemba 1203. Alexios alikwenda kambini mwenyewe akawaomba viongozi wabaki hadi Machi 1204. Sababu aliisema waziwazi: watu wangu wananichukia kwa ajili yenu, mkiondoka nitapoteza nchi, nao wataniua. Akaahidi kulipia merikebu mwaka mmoja zaidi na kulisha kila mtu.

Kwa haki kabisa, alisema kweli. Angebaki peke yake Oktoba, pengine asingeiona Krismasi. Lakini dawa aliyoichagua ilikuwa ndiyo ugonjwa. Watu walimchukia kwa sababu ya jeshi la Walatini, naye akalipia jeshi hilo likae miezi mingine. Alikopa juu ya deni kununua ulinzi dhidi ya watu waliokuwa wakigharamia deni la kwanza.

Ili apate mapato alitoka na Boniface kwenda Thrakia kuitiisha mikoa iliyokuwa bado inamtii baba yake mkubwa. Niketas anaandika kwamba Boniface alilipwa ratili 1,600 za dhahabu kwa kumsindikiza. Safari yenyewe ilifanikiwa kiasi, miji mingi ikakubali. Kwa upande wa utawala, ni jambo bora alilolifanya.

Moto

Akiwa huko, mji uliungua. Tarehe 19 Agosti kundi la Wafaranki, Wavenezia na Wapisa walivuka maji kwenda kuupora msikiti uliokuwa karibu na ufuo wa Pembe ya Dhahabu. Ndiyo, Konstantinopoli ya Kikristo ilikuwa na msikiti kwa ajili ya wafanyabiashara Waislamu, na siku hiyo majirani zao Wagiriki walikuja kuwasaidia kuulinda. Washambuliaji waliposukumwa nyuma waliwasha moto. Upepo ukaubeba katikati ya mji, kutoka Pembe ya Dhahabu hadi bahari ya Marmara, kupitia mitaa yenye majumba na maduka ya thamani kubwa kuliko yote, ukaendelea kwa siku kadhaa.

Baada ya moto, hakuna Mlatini aliyeweza tena kuishi mjini kwa usalama. Villehardouin anataja watu 15,000, wake kwa waume na watoto, waliovuka kwenda kambini. Wengi walikuwa wenyeji wa miaka mingi, na Wapisa miongoni mwao walikuwa wamepigana Julai kuulinda mji dhidi ya Wavenezia. Mji ulipoteza watetezi, na jeshi la nje likaongezewa watu wenye hasira na wanaojua kila kichochoro.

Raia naye alikuwa na hesabu yake: kodi imepanda, kanisa limevuliwa, nyumba imeungua, na waliofanya yote hayo wako ng'ambo, wanasubiri walipwe na kaisari wangu.

Kuanzia Novemba: kulipa nusu, kupigana nusu

Alexios alirudi tarehe 11 Novemba. Viongozi wa msalaba waliona amebadilika, hawatembelei tena kama zamani. Malipo yakawa kidogo kidogo, kisha yakakoma. Walioko jumbani walimshauri asitoe tena hata sarafu moja, na sauti kubwa kati yao ilikuwa ya Alexios Doukas, aliyeitwa Mourtzouphlos kwa nyusi zake nene zilizokutana.

Jeshi lilituma wajumbe sita jumbani Blachernae. Conon wa Béthune alisimama mbele ya makaisari wawili na wakuu wote akasema: timizeni mkataba, la sivyo tutajilipa wenyewe kwa njia yoyote tutakayoweza. Kwa maelezo ya Villehardouin, Wagiriki walisema hakuna aliyewahi kuthubutu kumtishia kaisari ndani ya ukumbi wake. Wajumbe walitoka mbio, wakishukuru kufika langoni wakiwa hai.

Hapo zilikuwepo njia mbili: kulipa hadi mwisho, au kupigana hadi mwisho. Alexios alishika zote mbili kwa vidole. Aliendelea kuwapelekea Walatini chakula. Usiku wa tarehe 1 Januari 1204 merikebu 17 zilijazwa kuni na lami, zikawashwa, zikaachiwa upepo uzisukume kwenye merikebu za Venezia. Mabaharia wa Venezia walizivuta na kuzitoa nje kwa makasia, wakapoteza meli moja tu ya mfanyabiashara. Jeshi liliamini ni kazi ya Alexios. Raia walipowavamia Walatini ufukoni, kaisari hakuwaongoza. Kwa Mlatini alikuwa msaliti, na kwa Mgiriki kibaraka.

Heshima ilikuwa imekwenda zamani. Niketas anasimulia kwamba alikuwa akinywa na kucheza kamari katika mahema ya Walatini, nao wakamvua taji la dhahabu na kumvika kofia ya sufu yenye manyoya. Baba yake, jina lake likitajwa sasa baada ya la mwanawe, alijifungia na watabiri waliomwahidi kwamba macho yatarudi. Na umati, ukiwa umelewa hasira, uliivunja sanamu kubwa ya Athena katika uwanja wa Konstantino, kwa kuwa mkono wake ulionekana kuwaita watu wa magharibi. Huwa nasimama hapa kila ninaposoma. Mji unavunja sanamu yake yenyewe kwa kumtafuta mkosaji.

Tarehe 25 Januari umati ulijaa Hagia Sophia kutaka kaisari mpya. Wazee wa baraza na makasisi walisita. Niketas alikuwepo, na anasema walijua kwamba yeyote atakayechaguliwa, Walatini watamkingia Alexios kifua. Siku ya tatu wakamshika kijana mmoja, Nicholas Kanabos, wakamtawaza bila yeye kupenda. Alexios akatuma ujumbe kwa Boniface: leta askari wako walinde jumba. Mjumbe aliyemchagua alikuwa Mourtzouphlos, na huyo aliipeleka siri kwa walinzi wa Varangi, kikosi cha mamluki kutoka kaskazini mwa Ulaya: kaisari wenu anaingiza Walatini ndani ya Blachernae. Yaliyofuata nimeyaeleza mwanzoni: ofisa aliyemwamsha kijana alikuwa Mourtzouphlos huyohuyo.

Matokeo

Alexios IV alinyongwa tarehe 8 Februari 1204. Isaac alifariki karibu na siku hizo. Kanabos naye alikamatwa na kuondolewa. Mourtzouphlos, sasa Alexios V, alijitahidi kuimarisha kuta na alikuwa mpiganaji kuliko makaisari wa nyumba ya Angelos waliomtangulia, lakini alikuwa na miezi miwili tu. Tarehe 12 Aprili kuta zilivunjwa. Uporaji ulidumu siku tatu: nyumba, makanisa, watawa wa kike, makaburi ya makaisari kwa mara nyingine. Farasi wanne wa shaba walichukuliwa wakasimamishwa kwenye kanisa la Mtakatifu Marko, Venezia. Jeshi la msalaba halikufika Misri kamwe. Wagiriki hawakuupata tena mji wao hadi 1261, na dola lililorudi halikuwa lile.

Uchambuzi

Hukumu ya kawaida ni kwamba Alexios alikuwa kijana mpumbavu. Niketas mwenyewe anamwona hivyo. Sikubaliani nayo kikamilifu. Alitoroka mikononi mwa mtu hatari, aliwashawishi wanaume wazoefu wa vita, alirudisha mikoa ya Thrakia, na alilipa nusu ya deni lisilolipika. Mtu asiye na uwezo hafiki huko. Kosa lake lilikuwa katika asili ya alichokiahidi.

Aliweka rehani vitu visivyokuwa vyake. Fedha zilikuwa za hazina ambayo hakuwahi kuihesabu. Kanisa lilikuwa la Patriarki, watawa na waumini, ambao kumbukumbu ya kugombana na Roma, tangu makanisa mawili yalipotengana mwaka 1054, ilikuwa katika damu yao. Askari 10,000 hawakuwepo. Aliahidi kwa niaba ya watu ambao hawakuulizwa, kisha akategemea walewale wamlinde. Ndiyo maana siamini kwamba kodi bora au ukusanyaji mzuri zaidi ungemwokoa. Kila marki iliyolipwa ilipunguza deni la nje na kuongeza deni la ndani.

Linganisha na Michael VIII Palaiologos, aliyeurudisha mji mwaka 1261. Yeye pia alimwahidi Papa muungano wa makanisa, akautimiza kwa saini katika Mtaguso wa Lyon mwaka 1274 ili kumzuia Charles wa Anjou, mfalme wa Sisilia, asimvamie. Raia walimchukia vibaya mno kwa hilo. Lakini aliahidi akiwa ameshakalia kiti, mwenye jeshi lake, na aliirefusha biashara hiyo kwa miaka mingi, kila mwaka ukiwa faida kwake. Kwa Alexios muda ulikuwa wa mdai: kadiri jeshi lilivyokaa ndivyo lilivyokula, na kadiri lilivyokula ndivyo lilivyodai.

Je, Agosti kulikuwa na njia nyingine? Naamini ilikuwepo, nyembamba. Isaac alikuwa ameshatamka mbele ya wajumbe kwamba masharti hayatimiziki. Kauli hiyo ilikuwa mlango. Kijana angeweza kuingia hapo na kusema: hii ndiyo hazina, njooni muione, nitawalipa kiasi hiki, muondoke Septemba merikebu zenu zikiwa bado na mkataba. Marki 100,000 zilitosha kufuta nauli ya jeshi. Venezia ingekuwa imelipwa gharama zake. Wapiganaji, ambao wengi wao walitamani kwenda zao Yerusalemu, wangekuwa huru kwa mara ya kwanza tangu 1202. Jambo hili lilihitaji kaisari awe tayari kubaki peke yake mbele ya watu wake, na kwa hofu ya kifo hakuweza. Simlaumu kwa kuogopa. Alikuwa ameona macho ya baba yake.

Lawama ya wadai huwa inasahaulika. Hawakuuliza swali ambalo mkopeshaji yeyote wa sokoni angeuliza: utalipa kwa nini? Walikuwa na wajumbe wazoefu na wafanyabiashara wa Venezia waliokaa Konstantinopoli vizazi vingi, wanaojua bei ya kila kitu mjini. Hawakuuliza kwa sababu walihitaji jibu liwe ndiyo. Wapo wanaosema Venezia ilipanga tangu mwanzo kuuangamiza mji ule. Nikifuata mfululizo wa matukio naona kitu kingine: deni la 34,000 lililozaa Zara, Zara ikazaa mkataba wa 200,000, mkataba ukazaa majira ya baridi ya njaa nje ya kuta za mji tajiri. Kila hatua ilichukuliwa na watu walioona hawana jinsi ila kufunika shimo la nyuma.

Na deni halikufa na mdaiwa. Machi 1204, Alexios akiwa kaburini kwa zaidi ya majuma matatu na mji ukiwa haujatekwa bado, viongozi wa msalaba na Dandolo waliketi kuandika jinsi watakavyogawana ngawira. Walikubaliana Venezia ichukue mafungu matatu kati ya kila manne, hadi yatakapolipwa yote ambayo kaisari Alexios alikuwa akidaiwa.